Anayezurura na aliyehamishwa si mtu mmoja

Leo sileti habari ya barabara wala bei ya ndagala. Naleta habari ya maneno, kwa sababu kwetu hapa jina unaloitwa linaweza kukuingiza kwenye orodha ya msaada au kukuacha nje.

Sehemu ya kazi yangu ni kusoma ripoti za Kiingereza na Kifaransa na kuzieleza kwa Kiswahili. Yanayonichelewesha zaidi ni maneno ya mtu asiyekaa mahali pamoja.

Kiingereza kina neno wander. Ni kutembea bila haraka na bila kujua utatokea wapi. Mtalii akipita vichochoro vya Zanzibar mchana kutwa, hilo ndilo neno lake, na halimvunjii heshima. Lina undugu na neno lingine la kupinda na kuzunguka. Sisi pia tuna kuzunguka, na wengi husema humo ndimo lilimotoka jina mzungu. Kuna na roam, la wanyama wa porini na ng'ombe wasiofungwa. Hata simu yako ikishika mtandao wa nchi jirani, wanasema iko roaming. Lakini simu hiyo bado ina namba yake na mwenyewe anajulikana.

Maskini akitembea vilevile, Kiingereza kinabadili neno. Anaitwa vagabond, na hapo polisi wanaingia. Uingereza ilitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, wakati askari walioachishwa kazi na watu wasio na makazi walipokuwa wengi barabarani. Sheria za namna hiyo zililetwa kwenye makoloni, zikabaki katika vitabu vya sheria vya nchi nyingi za Afrika hata baada ya uhuru. Mtu aliweza kukamatwa kwa kuonekana hana kazi wala pesa. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria hizo hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha.

Kwa nini nayaleta haya Lusenda? Kwa sababu nasikia kijana wa kambini akienda Baraka kutafuta kibarua, wanasema anazurura. Mama aliyekimbia vita akigonga mlango huu na ule akiomba shamba la kulima kwa siku moja, wanasema anatangatanga. Kuzurura ni kutembea bila shabaha. Huyo mama ana shabaha: watoto wale jioni.

Sasa tutazame neno mkimbizi. Kiingereza kinasema refugee, neno lililotoka Kifaransa. Liliingia Uingereza pamoja na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa baada ya mfalme Louis wa 14 kuwaondolea uhuru wa dini yao mwaka 1685. Ndani yake mna kimbilio, yaani mahali pa kujificha. Neno lao linataja mahali ulipofika, letu linataja miguu yako ilivyokwenda mbio. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi hapa miaka kumi, amejenga, amezaa, na bado jina lake linasema anakimbia.

Na mbio hizo katika ziwa letu hazina upande mmoja. Mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka Tanganyika kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2015 Warundi walikuja kwetu, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa. Mwaka 2025 watu wa Uvira na Bonde la Ruzizi walikimbilia Burundi. Leo wewe mwenyeji, kesho wewe mgeni.

Limebaki neno la wale ambao hawakuvuka mpaka. Wengi wetu tunasema wadeplase, au wahami. Neno wahami ni fupi na linasikika vizuri redioni, lakini linapunguza jambo. Kuhama ni kuondoka mahali, hata kwa hiari: unaweza kuhama kwa sababu nyumba ya kupanga imepanda bei. Kuhamia ni kuingia mahali papya. Kuhamishwa ni kuondolewa na mwingine. Kiingereza na Kifaransa, katika neno hili, vinasema kuhamishwa. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, unawahusu watu waliolazimika kuondoka makwao wakabaki ndani ya nchi yao. Ukisema amehama, habari imekwisha. Ukisema amehamishwa, msikilizaji atauliza: na nani? Swali hilo lisipotee kwa sababu tumeokoa silabi moja.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, ninyi familia mliokuja kutoka vijiji vya mbali na ninyi mliowapokea. Akija mtu na daftari kuandika majina, msiishie kusema tumekuja au tunazungukazunguka. Semeni mlitoka kijiji gani, mwezi gani, kitu gani kiliwaondoa, na mmepitia wapi mpaka hapa. Mzee asiyejua Kifaransa aseme kwa Kibembe, Kifuliru, Kirundi au Kinyamulenge, na kijana amtafsirie neno kwa neno, bila kufupisha.

Nasi tunaosoma habari tutafanya sehemu yetu. Atakayenisikia redioni nikimwita mzururaji mtu aliyechomewa nyumba, anisimamishe barabarani aniulize.