Mali Iliyo Jaani

Katika lugha yetu neno taka lina sura mbili. Mtu husema nataka, maana yake anahitaji. Kisha husema taka, maana yake ni kile asichokihitaji tena. Maneno haya ni mawili lakini sauti yake ni moja, na mara nyingi nimeona kuwa tofauti iliyopo baina yake haimo katika kitu chenyewe, bali imo katika mkono ulioshika kitu hicho. Mkebe wa soda ukiisha kunywewa ni taka kwa mnywaji, na papo hapo ni hitaji kwa mhunzi aliyekaa mbele ya tanuri lake. Kati ya watu hawa wawili yuko mtu wa tatu, abebaye gunia, ambaye wengi wetu humpita bila ya salamu. Wengine humwita chokoraa, jina lililotokana na kitendo cha kuchokora, na wakalifanya kuwa tusi. Ajabu ni kwamba kati ya watu watatu hao, yeye peke yake ndiye asiyeharibu kitu.

Nimezaliwa Mombasa, na nyumbani kwa bibi yangu kitu hakikutupwa upesi. Mkebe wa maziwa ulitobolewa kifuniko, ukatiwa utambi, ukawa koroboi. Mpira wa gari uliokwisha makali ulikatwa ukawa viatu vya akala. Kanga iliyochakaa iliacha kuvaliwa ikawa mbeleko, baada ya mbeleko ikawa kitambaa cha kupangusia, na mwisho ikawa kishikio cha kuipulia sufuria motoni. Wazee walikuwa na methali yao, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, nao waliifuata kwa vitendo. Sisi wa siku hizi tumeshikamana na methali nyingine isemayo kipya kinyemi ingawa kidonda, na majaa yetu yanashuhudia jinsi tunavyoitii.

Lakini nia yangu si kuwasifu wa kale. Wao walihifadhi vitu kwa sababu vilikuwa ghali. Sisi tunayo sababu nyingine ambayo wao hawakuijua, nayo ni hii: ndani ya kila kitu kilichotengenezwa kiwandani umefichwa moto uliokitengeneza. Ukikitupa kitu hicho umeutupa na moto wake. Sina mfano bora kuliko alumini.

Alumini ni madini yaliyojaa tele katika ardhi, hata hivyo katika karne ya 19 bei yake ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza kuujenga mnara wa George Washington, waliuvika ncha ya alumini kama mtu avikwavyo taji. Sababu ya ughali huo haikuwa uhaba, bali ugumu wa kuitenga na udongo wake. Mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, waligundua kila mmoja kwake njia ya kuitenga kwa umeme. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Udongo mwekundu uitwao boksiti huchimbwa na kusafishwa mpaka ukawa unga mweupe. Unga huo huyeyushwa katika chumvi yenye joto la nyuzi 950 hivi, kisha umeme mwingi hupitishwa ndani yake. Tani nne za boksiti hutoa karibu tani mbili za unga, na tani mbili za unga hutoa tani moja tu ya alumini.

Sasa tupige hesabu, kwa maana hesabu ina ulimi usiopendelea. Kutenga kilo moja ya alumini kwa umeme hula uniti zipatazo 14, uniti hizi hizi tununuazo nyumbani kwa tokeni. Balbu ndogo ya wati 10 huwaka saa 100 kwa uniti moja. Mwanafunzi akiiwasha balbu hiyo saa nne kila usiku apate kusoma, uniti 14 zitamtosha usiku 350. Mikebe ya soda 70 hivi ndiyo hufanya kilo moja. Lakini mikebe hiyo ikikusanywa na kuyeyushwa upya, kazi ile ya umeme hairudiwi. Inatosha kuipa joto la nyuzi 660, ikawa maji. Kawi yote inayohitajika ni kama sehemu moja katika ishirini ya ile ya kuitengeneza upya kutoka udongoni. Basi msomaji, ukiona mikebe 70 inaelea mtaroni, unaona mwanga wa karibu mwaka mzima wa mtoto asomaye, umetupwa majini.

Nimekwenda mara nyingi kuwatazama wahunzi wa jua kali wakisubu sufuria, na kila nikienda huchelewa kurudi. Fundi huchukua sufuria iliyo nzima akaizika katika mchanga laini uliolowa kidogo, ndani ya fremu ya mbao, akaushindilia kwa mikono na miguu. Kisha huifungua fremu kwa upole wa mkunga, akaitoa sufuria, na mchangani pakabaki nafasi yenye umbo lake. Pembeni makaa yanavuma, yakipulizwa na feni ndogo iliyochukua mahali pa mivukuto ya zamani. Ndani ya chungu cha chuma mmetiwa mikebe, vipande vya madirisha, vifuniko na sehemu za injini zilizokufa. Vyote huyeyuka vikawa maji meupe yang'aayo kama fedha, yakaenguliwa takataka zake kwa upawa mrefu, yakamiminwa katika tundu la mchanga. Punde mchanga huvunjwa, na sufuria mpya hutoka ikiwa bado inafuka moshi, ikingoja tupa.

Kazi hii naipenda, lakini mapenzi yasitufumbe macho. Wachunguzi waliozipima sufuria za namna hii katika nchi mbalimbali, Kameruni ikiwamo, wamekuta risasi katika baadhi yake, na risasi ni sumu idhuruyo akili za watoto. Huingia humo kwa sababu fundi huchanganya kila kipande apatacho, hata kile kisichofaa kukaribia chakula. Dawa yake si kumfukuza fundi. Dawa ni kuchagua: vya injini vitengwe vifanyiwe kazi nyingine, na vya jikoni viyeyushwe na vya jikoni. Uchaguzi huo ni rahisi mno unapofanywa nyumbani, na ni mgumu mno vitu vikiisha kuchanganyika jaani. Hata sumaku ndogo ya redio mbovu huweza kusaidia: mkebe wa chuma hunaswa, na wa alumini hupita kama haukuiona.

Kwa vitu vingine sitakaa sana. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, katika joto la karibu nyuzi 1,500. Vigae vya chupa vikitiwa humo, mchanganyiko huyeyuka upesi zaidi na moto hupungua. Chupa huweza kuyeyushwa na kufinyangwa mara nyingi bila ya kudhoofika. Hata hivyo bora kuliko kuyeyusha ni kuosha, na hilo Wakenya wamelijua tangu zamani katika kreti za soda, ambapo asiyerudisha chupa tupu hudaiwa fedha zake. Karatasi nayo hurudi ikawa karatasi, lakini nyuzi zake hufupika kila mara, na baada ya mizunguko mitano au saba hivi huwa hazishikamani tena. Maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya ugali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uchafu wa nyumba zetu, yakifukiwa jaani pasipo hewa huoza na kutoa gesi iongezayo joto la dunia. Yakigeuzwa mbolea hulisha sukuma.

Plastiki ndiyo mgeni mkaidi kuliko wote. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, na wengi wetu tukarudia vikapu. Mwaka uliofuata, huko Lamu, mafundi walishusha majini jahazi dogo, urefu wake karibu mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa maelfu ya ndara zilizoletwa pwani na mawimbi. Likaitwa Flipflopi, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mimi nililifurahia jahazi hilo, lakini nikasema moyoni kwamba bahari haiwezi kusafishwa na jahazi moja, hata likiwa zuri kiasi gani.

Nisije nikadhaniwa kuwa naisifia biashara hii bila kuijua upande wake wa pili. Palipo na soko la vyuma vikuukuu hapakosi mwizi wa vyuma vipya. Mnamo Januari 2022, baada ya umeme kukatika karibu nchi nzima na milingoti ya nyaya kuharibiwa, Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara hiyo, na miezi michache baadaye ikairuhusu tena kwa masharti. Jambo hilo lilitufikia sisi wenyewe mtaani kwetu kwa namna ndogo. Mwaka jana mita mbili za maji ziliibwa katika juma moja, kwa ajili ya shaba iliyomo ndani yake, na wazee wakaitisha kikao.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema mwenye sauti nzito, alitoa shauri kwamba lango la mtaa litiwe kufuli, na mtu yeyote mwenye gunia asiingie tena. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Nilisimama nikawaeleza habari za mikebe 70 na usiku 350 wa mwanga. Walinisikiliza kwa adabu, kama watu wasikilizavyo hotuba ndefu wakati wa njaa. Aliyewageuza si mimi. Alikuwa mama mmoja wa makamo, mwokota chupa, ambaye alikuwa amesimama nje ya mlango muda wote huo. Alibisha hodi, akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mimi sijagusa mita ya mtu. Nachukua mlichokitupa, na kwa hicho wajukuu wangu hupata madaftari. Mkinifungia lango, mwizi atapanda ukuta. Mimi siwezi kupanda. Na hizo taka zenu, nani atakuja kuzichukua?"

Kimya kikapita. Sote tulijua jibu, kwa kuwa gari la taka lilikuwa halijaonekana kwa siku kumi na moja, na harufu ilikuwamo pamoja nasi kikaoni. Ikaamuliwa kuwa mita zifungiwe vizimba vya chuma, na kwamba waokotaji watatu wajulikanao kwa majina waruhusiwe kila Jumamosi asubuhi. Nayo kila nyumba itenge vitu vyake mapema: vya chuma peke yake, chupa peke yake, karatasi mahali pakavu, na maganda katika ndoo yenye kifuniko. Majuma ya kwanza yalikuwa ya fujo. Wako waliotia samaki waliooza pamoja na magazeti, wako waliosahau kabisa. Lakini mwezi wa tatu ulipokwisha, pipa letu la pamoja, lililokuwa likifurika kwa siku mbili, lilikuwa likikaa juma zima halijajaa, na yule mama alikuwa amekuja na mkokoteni badala ya gunia.

Jumamosi iliyopita nilimwona jirani yangu mwenye sauti nzito akitoka kwake na chupa kumi na mbili za jamu, zimeoshwa zikang'aa. Alimkabidhi yule mama moja baada ya nyingine, huku akizihesabu kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kuitazama mita yake.