Radhi: Neno Moja, Maana Mbili



Yapo maneno yenye maana moja tu. Ukisema "ishirini", hakuna atakayedhani umesema kumi wala thelathini. Maneno ya namna hiyo tunayahitaji, hasa tunapohesabu fedha au kupima dawa. Lakini yapo mengine yenye maana zaidi ya moja. Paa ni la nyumba, paa ni mnyama wa porini, tena paa ndicho kitenzi tunachokitumia tunapoadhimisha Bwana wetu alivyokwenda mbinguni. Kwa kawaida mazingira ya sentensi hutuonyesha maana iliyokusudiwa. Pengine hayatuonyeshi.

Katika sura ya tatu ya Injili ya Yohane, Yesu anamweleza Nikodemo habari ya kuzaliwa "anothen". Neno hilo la Kigiriki lina maana ya "tena", na pia "kutoka juu". Nikodemo alishika ile ya kwanza, akauliza mtu mzima atawezaje kurudi tumboni mwa mamaye. Yesu hakumfukuza, alimwongoza kwenye maana ya pili.

Jambo hilo lilitufika sisi wenyewe. Tulimtamkia mama yetu mzazi neno kali, na miaka miwili ikapita bila kulizungumza. Alipougua, tulipiga magoti kando ya kitanda chake tukasema, "Mama, naomba radhi." Tulikusudia msamaha. Yeye, aliyezoea wanawe kumwomba radhi kabla ya safari, akatuwekea mkono kichwani: "Radhi zangu unazo, mwanangu. Nenda salama."

Tulitoka na mashaka. Je, ametusamehe, au hakutuelewa? Tungaliweza kurudi na kulitaja kosa letu waziwazi, lakini tuliona aibu. Alifariki wiki ile ile.

Tangu hapo tumejipa moyo kwamba baraka ya mama haitoki katika moyo wenye kinyongo, na kwamba maana moja ilibeba na nyingine. Hata hivyo, msiige ukimya wetu. Kama yupo mliyemkosea, mwendeeni angali hai, mkalitaje kosa kwa jina lake. Rehema ya Mungu ni pana kuliko maneno yetu. Bali anayetubu na atafute neno lenye maana moja.

Mungu awabariki nyote.