Mtoto Wangu Haitwi Acheni

Haya, wacha niwaambie kilichonipata kliniki wiki jana.

Tumekaa kwa benchi, mamathe kama ishirini hivi, kila mtu na mtoi wake, tunangoja chanjo ya wiki 14. Kelele ni ile ya kawaida. Nesi akatoa kichwa mlangoni, akaita kwa nguvu, "Acheni!" Wote tukanyamaza. Akarudia, "Acheni!" Dada aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Kwani tumefanya nini?" Nikacheka kabisa. Watu watatu wakapita mbele yangu ndipo nikashtuka: aki, huyo anayeitwa ni mtoto wangu!

Anaitwa Achieng'. Na si ati ni jina geni. Kenya hii, wewe umesoma na akina Achieng' wangapi? Kwa Kijaluo chieng' ni jua, na msichana akizaliwa mchana, jua likiwa juu, ndilo jina lake. Wa asubuhi ni Akinyi, wa usiku ni Atieno. Wangu alifika saa saba mchana, jua la kuchoma.

Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na mama mkwe wangu ni Akinyi, kwa hivyo mathe wangu alikuwa ashaanza kumwita Akinyi kabla hata hatujatoka hospitali. Aliyekataa ni mama mkwe mwenyewe. "Huyu ni wa mchana," akasema. "Mbona mnampa asubuhi yangu?" Kesi ikaisha hapo.

Sasa msidhani mimi ni mtaalamu. Miezi ya kwanza ya ndoa, wifi yangu mmoja anaitwa Achieng', na mimi nilikuwa namwita "Achieng'i". Sisi tumezoea neno liishe na irabu, ulimi unaitafuta wenyewe. Mama mkwe alinikalisha jikoni akaniambia, "Malizia hapo hapo, kwa pua, halafu nyamaza." Nilifanya mazoezi kwa matatu mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa.

Na ile alama ya mwisho si pambo. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la nne aliita ritifaa, na ukiisahau kwa ng'ombe ulikuwa unakosa alama. Sasa wewe unayesema ng'ombe kila siku bila kujikwaa, unaniambiaje ati Achieng' inakushinda? Sauti ni ile ile. Ngũgĩ wa Thiong'o alizunguka dunia na ritifaa yake, pamoja na vile vikofia vya juu ya ũ na ĩ, na vitabu vikachapishwa hivyo. Lupita Nyong'o alienda kuchukua Oscar 2014 na yake. Lakini mimi nikijaza fomu ya mtandaoni ya mtoto naambiwa herufi hiyo haikubaliki.

Mathe wangu husema "Ashieng'". Ch yetu ya kule Nyeri mnaijua. Mbona hainiumi? Kwa sababu ng' ameipata sawasawa, na kila akimbeba huyo mtoto analirudia jina polepole kama mtu anayeonja chai. Huo ni ulimi wake, siwezi kumdai mwingine.

Nesi naye nilipoingia nikamwambia jina, akaangalia kitabu cha kliniki, ambapo mtu alikuwa ameandika "Achieni", akasema, "Si ni kitu kidogo tu. Hana jina la Kizungu tutumie?"

Nikwambie ukweli, nilitaka kumpa lolote tu tumalize, mtoto alikuwa analia. Halafu nikakumbuka baba yake. Yeye ni Ochieng', ila mwalimu wa nasari aliona ni kazi, akamwita Kevin. Kevin mpaka fomu foo, Kevin mpaka kazini. Hata mimi nilimjua kama Kevin mwaka mzima. Jina lake analisikia mama yake akipiga simu tu, na akilisikia anainua kichwa kwa namna fulani ambayo mimi nikimwita Kevin hainuki hivyo.

"Hana," nikasema. "Ni Achieng'. Naomba kalamu."

Nikakata ile "Achieni" mwenyewe, nikaandika juu yake, na ritifaa nikaikoleza mara mbili. Foleni nyuma yangu inaguna. Nesi akaniangalia, akaangalia kitabu, akavuta pumzi.

"Achieng'... i?"

"Toa hiyo i," nikamwambia. "Uko karibu."