Chartres: Jina la Fundi Halipo

Treni ya kwenda Chartres huondokea kituo cha Montparnasse, Paris, na safari yenyewe ni saa moja na ushee tu, karibu kilomita 90. Ukishapita Rambouillet miti inapungua, unaingia Beauce, tambarare ya ngano isiyo na mlima wala kichuguu. Mimi nilizoea kusikia kwamba Ulaya ni maghorofa. Kumbe Ulaya pia ni shamba, tena shamba lisilo na mtu. Njia nzima nilimwona mkulima mmoja, naye yuko juu ya mashine kubwa kama kivuko cha Kigamboni. Halafu ghafla, katikati ya ngano iliyoiva, minara miwili ikachomoza. Mji wenyewe huuoni, unaona minara tu, kama milingoti ya jahazi ambalo mwili wake bado uko chini ya upeo wa macho.

Ndugu msomaji, najua unachotaka kuuliza: kijana wa kidato cha nne, nauli ya Ufaransa kapata wapi? Sikuilipa. Mimi ni mwanasarakasi. Mwaka 2019 kikundi chetu cha Dar kilialikwa kuzunguka kwenye maonyesho ya kiangazi, na mimi kazi yangu ni kusimama chini. Wenzangu wanne wanapanda mabegani kwangu mpaka mtoto wa mwisho anafika juu kabisa, anapunga mkono, watu wanapiga makofi. Usiku ndio naandika. Wenzangu wananiita Profesa, na si kwa sifa.

Siku hiyo tulikuwa mapumziko. Tulikwenda watatu: mimi, dada mmoja mpiga ngoma wetu, na mwenyeji wetu, kijana aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Mali. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, tukaelewana vizuri sana.

Jambo la kwanza utakaloliona ukisimama mbele ya kanisa kuu la Chartres ni kwamba minara yake hailingani. Wa kusini ni mfupi kidogo, mita kama 105, umenyooka, hauna mapambo, kama mtu asiye na maneno mengi. Wa kaskazini unafika mita kama 113, umejaa nakshi na vijiti vya mawe mpaka unaudhi. Radi iliunguza kilele cha mbao cha mnara huo mwaka 1506, na fundi aitwaye Jehan de Beauce akajenga kilele kipya kwa mawe kati ya 1507 na 1513, kwa mtindo wa wakati wake. Hakujali kufananisha. Dada akasema, "Huyu alikuwa fundi wa mjini." Mimi napenda ule mfupi.

Moto ndio historia ya mahali hapa. Usiku wa tarehe 10 Juni 1194 kanisa la zamani liliungua, ikabaki sehemu ya mbele na vyumba vya chini. Watu wakaanza upya, na kwa muda wa kama miaka thelathini tu mwili wa kanisa ukawa umesimama. Mwaka 1836 paa likaungua tena, safari hii wakaezeka kwa fremu ya chuma na shaba juu yake, ndiyo maana paa ni la kijani. Wakati tunafika ilikuwa miezi mitatu tu tangu Notre-Dame ya Paris ishike moto, tarehe 15 Aprili 2019, na kwenye treni watu wazima walikuwa bado wanaizungumzia kama msiba wa nyumbani. (Lile la Paris lilifunguliwa tena Desemba 2024. Wenzetu wakiamua, wanaamua.)

Sasa tuingie ndani. Matao yaliyochongoka hayakuwa mageni kwangu, kwa sababu Mtakatifu Yosefu pale Dar, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, nalo lina matao ya namna hiyo. Lakini hili la Chartres, bwana, ni habari nyingine. Madirisha ya vioo vya rangi yanazidi 170, na mengi ni ya karne ya 13, vioo vilevile. Mwaka 1939, vita ilipokaribia, viliteremshwa, vikafungwa kwenye masanduku na kufichwa, kisha vikarudishwa. Ile buluu yake sijui niifananishe na nini. Ni bahari ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijaifanya iwe ya kawaida. Inaanguka sakafuni, inakuangukia na wewe mkononi, mkono wako mweusi unakuwa wa buluu.

Nilidhani vioo vitakuwa vimejaa watakatifu na wafalme peke yao. Wapo, lakini wako juu. Shuka na macho mpaka chini ya dirisha, pale usawa wa binadamu, utakutana na watu wa sokoni: washona viatu, waoka mikate, wabadili fedha, wauza samaki, mafundi seremala. Kila mmoja na kazi yake mkononi. Wengine wanasema makundi hayo ya kazi yalichanga fedha za madirisha, wengine wanabisha kwamba wenye kanisa ndio walioamua nani achorwe na kwa sababu gani. Mimi sikujali sana nani alilipa. Niligandia kwenye dirisha la Mtakatifu Chéron, nyuma upande wa kaskazini, ambalo chini yake wako waashi na wachonga mawe. Wanachonga, wanajenga, na mmoja kaacha kazi kidogo, anapumzika. Baba yangu ni fundi mwashi. Nilisimama pale mpaka dada akanivuta shati.

Nikamuuliza mwenyeji wetu: fundi mkuu wa jengo hili ni nani? Akacheka. Hajulikani. Yule wa kilele cha mnara, aliyekuja miaka mia tatu baadaye, jina lake lipo. Lakini aliyelichora kanisa zima kichwani, aliyepiga hesabu za mawe yote yale yasituangukie, hana jina.

Hapa inabidi nikueleze mzigo niliokuwa nao. Nilikuwa nimemaliza riwaya, kaunta buku mbili zimejaa kwa mkono. Bwana mmoja mwenye ofisi ya kuchapa vitabu, ambaye simtaji, aliisoma na kuipenda, kisha akaniambia bila kupepesa: wewe hujulikani, nani atakununua? Yeye anaye mwandishi mwenye jina. Kitabu kitoke kwa jina la yule, mimi nipewe laki nne taslimu, nitie sahihi kwamba sina dai, mambo yaishe. Karatasi yenyewe nilisafiri nayo, imekunjwa mara nne kwenye pasipoti. Laki nne, kwa mtu anayelala sebuleni kwa baba yake, si mchezo.

Baba aliposikia hakusita. "Chukua, mwanangu. Mimi nimejenga toka Mbagala mpaka Tegeta. Kuna hata nyumba moja yenye jina langu? Watu hawanyeshewi, basi." Na ni kweli. Kuna shule moja ambayo yeye ndiye aliyelipachika jiwe la msingi ukutani kwa mikono yake, na jina lililo juu ya jiwe ni la mheshimiwa aliyekuja kwa dakika ishirini, akashika mwiko mpya, akapigwa picha.

Kwa hiyo pale mbele ya waashi wa kioo nilijiona nimeshindwa hoja. Kama aliyejenga Chartres alikwenda zake bila jina, mimi na kaunta buku zangu ni nani?

Dada yeye alikuwa na jambo lake. Ni Mkatoliki, na alikuja kwa ajili ya kitu kimoja: Bikira Maria Mweusi. Alikuwa na picha yake kwenye kadi ya zamani, sanamu ya mbao ya karne ya 16, uso mweusi tii, mtoto mweusi. Tukalitafuta kanisa zima. Tulipofika kwenye nguzo yake tukakuta mama mweupe, mashavu ya waridi. Mfanyakazi mmoja akatueleza kwa upole kwamba hatujapotea, ni yuleyule. Katika ule usafi mkubwa wa ndani ya kanisa walimrudishia rangi waliyosema ndiyo yake ya asili, maana weusi ulikuja baadaye. Mwaka 2014 watu waligombana sana juu ya jambo hilo, hata wataalamu wa nchi za nje.

Dada akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Kwa hiyo weusi ulikuwa uchafu?"

Sikuwa na jibu, na mwenyeji wetu alipotaka kutafsiriwa nilimwambia ni mambo ya kikwetu. Labda wataalamu wana haki yao kuhusu rangi ya kwanza. Lakini vizazi vya watu vilipiga magoti mbele ya yule mweusi, wakamlilia, wakamshukuru. Hiyo nayo si asili? Dada aliwasha mshumaa hivyo hivyo. Kadi yake akairudisha kwenye pochi.

Tulipotoka nje mwenyeji wetu akasema, sasa niwaonyeshe Chartres yangu. Akatupeleka kwenye mnara wa kumbukumbu wa Jean Moulin, mkono wa jiwe umekamata upanga uliovunjika. Moulin alikuwa mkuu wa mkoa hapo, mwaka 1940. Wajerumani waliingia mjini tarehe 17 Juni. Wakamwekea mezani karatasi atie sahihi: kwamba wanajeshi wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa, wale walioitwa askari wa Senegali ingawa walitoka nchi nyingi pamoja na Mali, wamebaka na kuua wanawake na watoto. Maiti walikuwepo kweli, wakampeleka kuwaona, lakini walikuwa watu waliouawa kwa mabomu. Akakataa. Wakampiga saa nyingi. Usiku wakamfungia chumba kimoja na askari Mwafrika, kwa kejeli, wakiona wamempa rafiki yake. Akaogopa kwamba kesho yake hataweza kuvumilia, atatia sahihi. Sakafuni kulikuwa na vipande vya kioo. Akajikata koo.

Aliokolewa, akaja kuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa wapiganaji wa siri dhidi ya Wajerumani, akafa mwaka 1943 baada ya kuteswa. Mwenyeji wetu alisimulia bila kupandisha sauti. Akasema babu yake alikuwa katika jeshi hilohilo, na kwao hadithi hii hufundishwa watoto kabla hawajaanza shule.

Mimi mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wenye pasipoti. Usinielewe vibaya, msomaji. Kujilinganisha na Moulin ni upuuzi, mimi nilikuwa naombwa laki nne zipokelewe, sipigwi na mtu. Ila nikaona kitu ambacho Baba hakukiona, nami sikukiona pale kwenye kioo. Fundi wa Chartres hana jina, sawa. Lakini hakuna jina la mtu mwingine lililobandikwa mahali pake. Nafasi yake iko wazi, na yeyote anayeingia akiuliza nani kajenga anaambiwa ukweli, kwamba hajulikani. Ile karatasi yangu ilikuwa inanitaka niseme uongo kwa mwandiko wangu. Hata Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa kuu la Waanglikana, waongoza watalii hukuonyesha nguzo ambazo inasimuliwa mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu askofu alipokuwa safarini. Hiyo nayo ni sahihi ya aina yake. Haimdanganyi mtu.

Mwisho tulitembea mpaka nyumba ya Raymond Isidore. Kama unaandika na unachekwa, shika jina hili. Alizaliwa 1900, akafa 1964, kazi yake ya mwisho ilikuwa kufagia makaburini. Akiwa njiani alikuwa anaokota vipande vya sahani na vioo vilivyovunjika, na kuanzia kama mwaka 1938 akavipachika kwenye nyumba yake: kuta, sakafu, viti, jiko, hata cherehani ya mke wake. Kanisa kuu lenyewe amelichora ukutani kwa vigae vya sahani. Majirani walimwona chizi, wakamwita Picassiette, jina la dharau, ndani yake kuna Picasso na kuna mtu wa kudoea sahani za watu. Leo nyumba ni mali ya mji na kibao mlangoni kina jina lilelile la dharau. Dada alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke kanisani. "Cherehani!" alisema. "Huyo mkewe alikuwa mvumilivu."

Niliporudi Dar nilimwonyesha Baba picha. Hakuuliza habari za Paris. Aliuliza saruji. Nikamwambia haikuwepo, ni chokaa na mchanga. Akauliza walipandisha vipi mawe, jukwaa walifunga kwa kamba gani, kuta nyembamba vile zinabebaje paa. Nikamwonyesha ile mikono ya mawe inayoshikilia ukuta kwa nje, akaitazama muda mrefu, akaifuatisha kwa kidole.

"Na ile karatasi?"

"Sikutia sahihi, Baba."

Alinyamaza. Akasema laki nne zingemalizia bati za uani. Ni kweli, mpaka leo pale uani tunapikia mwavuli mkononi, na riwaya bado iko kwenye kaunta buku. Kisha akaomba arudishiwe picha ya waashi. Akaisogeza karibu na taa, akamwonyesha kidole yule anayepumzika.

"Huyu ndiye fundi," akasema. "Hawa wengine vibarua."