Pangaboi la Mninga

Mpwa wangu alikuja karakanani kwangu hapa Kiomboi akisukuma toroli lenye injini ya pikipiki ya sisi 150. Alitaka nimchongee pangaboi. Ndege yenyewe, ya mabomba ya alumini na turubai, ilikuwa uani kwa dada yangu, na kuku walikwisha kuzoea kulala chini ya bawa lake.

Mimi ni seremala. Nimechonga milango, vitanda na, Mungu anisamehe, majeneza mengi kuliko vitanda.

"Mjomba," akaniambia, "ndege ya akina Wright ya mwaka 1903 ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu. Hii pikipiki inazo hizo hizo."

Kweli. Lakini ndugu wale walikuwa na mapangaboi mawili, kila moja lenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, yakizungushwa kwa minyororo polepole, kama mara 350 kwa dakika. Injini ya pikipiki hupata nguvu zake ikizunguka mara elfu saba au nane. Ukiifunga kwenye pangaboi refu moja kwa moja, ncha zake zitakimbia kuliko sauti. Litapiga kelele nyingi na kusukuma hewa kidogo. Hilo alilielewa upesi, akaenda kutafuta mnyororo na sproketi za kupunguza mwendo.

Likabaki suala la ulalo wa panga. Ndugu msomaji, ulalo ni kama gia za baiskeli. Ulalo mkali ni gia ya tambarare: ukishashika kasi unakwenda, lakini kuanza ni taabu. Ulalo mdogo ni gia ya mlima, huvuta vizuri tangu mwanzo, na ndio unaoinyanyua ndege. Tena huku kwetu juu hewa ni nyepesi kuliko pwani. Kwenye mita 1,500 uzito wake hupungua kwa karibu sehemu moja ya saba, na injini, bawa na pangaboi vyote huipata hasara hiyo.

Kwa hiyo ulalo mdogo ndio uliofaa. Nilijua.

Kijana hakuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala mkanda wa kiti, wala siku moja ya mafunzo. Alisema akishanyanyuka atakwenda kulitazama bonde la Wembere kutoka juu. Ningemkatalia, angekwenda kwa fundi mwingine asiyejua kusawazisha, na panga lisilo sawa huvunjika likizunguka. Nikakubali. Nikagundisha mbao sita za mninga, nikachonga, nikalitundika kwenye chuma chembamba na kulipiga msasa siku mbili hadi hakuna upande ulioshuka. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Ulalo niliuweka mkali.

Kwenye uwanja wa mpira ndege ilikimbia kutoka goli hadi goli, watoto nyuma yake, isinyanyuke hata kidole. Akailaumu injini. Nilinyamaza. Jioni ile dada yangu aliniletea jogoo, asiseme ni wa nini.

Juzi kijana amerudi. Alilishusha pangaboi ukutani, akalipima kwa bevu yangu mwenyewe, akapima tena.

"Mjomba, ulalo huu uliupanga wewe?"

Kisha akatazama darini, ambako nimehifadhi ubao wa mninga uliobaki, akaniuliza bei yake. Sijamjibu.