Amelazwa Russia

Bungoma mtu akikwambia, "Kukhu tumempeleka Russia," humuulizi habari ya visa. Unauliza yuko wadi gani, nani amebaki naye huko, na nauli ya Kisumu siku hizi ni ngapi. Russia ni hospitali. Jina lake rasmi ni Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital, lakini nani ana muda wa kulitamka lote akiwa amening'inia kwenye mlango wa matatu?

Nilikua nikidhani ni utani wa mtaani tu, kama vile Mathare kuna Kosovo na Eastleigh kuna California. Kumbe hapana. Wasovieti waliijenga kweli. Na nilipoanza kufuatilia jina hilo moja, niliona kwamba Moscow imepita kwetu zaidi ya mara moja, na haikupita mbali.

Ukisaka Urusi ya enzi za Ukomunisti kwenye simu, utaletewa orodha ileile. Sputnik, 1957. Stesheni za chini ya ardhi za Moscow, zenye marumaru na mataa kama ya ikulu, zilizoanza kufunguliwa 1935. Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia kwa dakika 108 tarehe 12 Aprili 1961. Ni mambo makubwa, sikatai. Lakini siku hiyo ya Gagarin, Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini Maralal, na hadithi ya kilichomfikisha huko inapitia mji wangu.

Mimi ni wa Kitale, ingawa kwetu hasa ni Bungoma. Kapenguria iko kilomita kama 40 kutoka kwetu, unapandisha barabara ya Lodwar. Mwishoni mwa 1952, serikali ya kikoloni iliamua kumshtaki Kenyatta na wenzake watano huko, mbali na Nairobi, mbali na umati. Kapenguria yenyewe haikuwa na mahali pa kulaza mawakili, kwa hiyo walilala Kitale na kwenda kortini kila asubuhi kwa gari. Wakili wao mkuu alikuwa Mwingereza, Denis Pritt, mtu aliyeipenda Moscow kiasi cha kufukuzwa na chama chake cha Labour mwaka 1940 kwa kuwatetea Wasovieti walipoivamia Finland. Mwaka 1954, Wasovieti walimpa Tuzo ya Amani ya Stalin.

Kenyatta naye alikuwa amefika Moscow. Alienda mara ya kwanza 1929, kisha akarudi na kusoma katika chuo cha Wakomunisti mnamo 1932 na 1933. Masetla hawakumsahaulia safari hizo. Kwao, neno "Moscow" lilikuwa nusu ya ushahidi. Tarehe 8 Aprili 1953 alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa Turkana.

Nimepita Kitale Club mara nyingi nikienda kumtembelea rafiki. Hakimu wa kesi ile, Ransley Thacker, alikuwa akilala pale. Shuleni tulikariri majina ya wale Sita wa Kapenguria kama wimbo. Hakuna aliyetuambia kwamba hakimu na mawakili walinunua sigara katika mji wetu, wala kwamba vita baridi vya dunia nzima vilikuwa vinalala hapa vyumba tofauti.

Halafu uhuru ukaja, na mambo yakageuka. Mwaka 1964 Oginga Odinga alikwenda Moscow kutafuta misaada, na hospitali ya Kisumu ikawa mojawapo ya zawadi. Aprili 1965, meli ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha. Kenyatta, yuleyule aliyeitwa Mkomunisti na masetla, alizikataa. Serikali ilisema ni kuukuu, hazifai jeshi la kisasa. Kila mtu alijua hofu haikuwa uzee wa bunduki. Hofu ilikuwa Odinga. Meli ikarudi na mzigo wake.

Hospitali ilibaki. Kenyatta alifika kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969, miezi michache baada ya Tom Mboya kuuawa, Kisumu ikiwa inachemka. Yeye na Odinga walirushiana maneno hadharani. Umati ukapiga kelele, mawe yakarushwa, na walinzi wakafyatua risasi. Watu walikufa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini. Kwa hiyo jengo lililojengwa kuponya watu lilizinduliwa kwa damu. Nikiwa kwenye foleni pale, nikimsubiri kukhu atoke kupigwa picha, nilimuuliza mzee mmoja kama anakumbuka siku ile. Alinitazama kwanza, kama anayepima umri wangu, kisha akasema, "Tulikimbia hadi viatu vikabaki." Akarudi kuangalia namba yake kwenye kadi.

Jambo linaloniuma ni hili. Serikali ilizikataa zile bunduki za melini kwa kelele nyingi. Lakini bunduki ya Kisovieti ilifika tu, kwa mlango wa nyuma, na wakati huo hakuna aliyekuwa mlangoni.

Mwaka 1979 Idi Amin alipoanguka, askari wake waliiacha kambi ya Moroto, Karamoja. Ghala la silaha likaporwa. Karamoja inapakana na Pokot na Turkana, na mpaka ule hauna ukuta. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa risasi. Si kila AK iliyozunguka huko ilitoka Urusi, maana China na nchi nyingine zilitengeneza za kwao, lakini mchoro ni mmoja. Mtu wa Kitale anajua maana yake hata kama hajawahi kuishika. Anajua ni saa ngapi si vizuri kuwa kwenye barabara ya kwenda kaskazini. Anajua ng'ombe wa jirani walikwenda wapi.

Kisha zikaja Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Kuanzia 2006, ugomvi wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chebyuk ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force. Mamia waliuawa. Wengine walikatwa masikio. Machi 2008 jeshi lilipanda mlimani katika Operesheni Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika kuhusu mateso na wanaume waliotoweka. Maelfu waliteremka na magodoro vichwani.

Senge yangu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa darasa la tatu alipokuja kukaa kwetu Kitale na watoto wanne na sufuria moja. Usiku, tawi la mkaratusi likianguka kwenye mabati, alikuwa anajitupa sakafuni na kuwavuta watoto chini. Alitufundisha kutofautisha mlio. "Hiyo ni fataki. AK inakohoa," alisema. Mtoto wa miaka minane hapaswi kujua AK inakohoa.

Aliyeibuni, Mikhail Kalashnikov, alizaliwa mwaka 1919 katika familia ya wakulima. Mwaka 1930 familia ilinyang'anywa mali na kuhamishiwa Siberia. Akawa mwanajeshi wa vifaru, akajeruhiwa 1941, na hospitalini akaanza kuwazia bunduki ambayo askari wa kawaida angeiweza. Miaka yake ya uzeeni aliwahi kusema kwamba angependelea kuwa amebuni kitu cha kumsaidia mkulima, kama mashine ya kukatia nyasi. Alikufa Desemba 2013. Wiki chache baadaye gazeti la Izvestia lilichapisha barua aliyomwandikia mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, akiuliza kama yeye ana hatia kwa wale waliouawa na bunduki yake.

Nilimsimulia senge habari ya barua hiyo. Hakurudi mlimani, amekodi ekari moja Kiminini, analima mahindi na maharagwe, na anapukuchua kwa mkono kwa sababu ya mashine ni pesa. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na gunzi.

"Alikuwa mkulima?" akauliza.

"Wazazi wake."

"Na wakanyang'anywa shamba?"

"Ndiyo, senge."

Alilitupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi lingine. "Sasa huyo angekuja kuniuliza mimi," akasema. "Askofu anajua nini?"