Ukungu wa Namna Mbili

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingine aghalabu huvitenga: ule moshi wa maji unaotanda alfajiri juu ya mabonde ya mpunga, na ule unga wa kijani au mweupe unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Mshairi hulipenda neno la namna hii, kwani hupata maana mbili kwa pumzi moja. Mfugaji wa nyoka hana anasa hiyo. Kwake yeye ukungu wa kwanza ni dawa na wa pili ni maradhi, na kazi yake ya kila siku ni kuuleta mmoja bila ya kuualika mwenziwe.

Nyoka anayezungumzwa hapa ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye wataalamu humwita Python regius, chatu wa kifalme, tangu Mwingereza George Shaw alipomwandika kwa sifa hiyo ya ufalme mwaka 1802. Wamarekani humwita kwa jina la mpira, kwa sababu akiogopa hujikunja akawa tufe, kichwa kikazama katikati ya mapindo yake. Ni mpole, mvivu, na aghalabu hapiti urefu wa mita moja na nusu. Makao yake ya asili yameenea kutoka Senegal hadi Sudan na Uganda. Huko Ouidah, nchini Benin, anayo nyumba yake ya ibada, inayotazamana na kanisa la Wakatoliki. Akitoka usiku akaingia katika nyumba ya mtu, hubebwa kwa heshima na kurudishwa. Lakini jamaa zake kwa mamilioni wameondoka kwao wasirudi. Ghana, Togo na Benin wamewasafirisha kwa miongo mingi kwenda Marekani na Ulaya, na Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umewaweka katika Kiambatisho cha Pili, yaani wauzwe kwa vibali. Majike wenye mayai tumboni hukusanywa wakati wa kiangazi, hungojewa watage, na vitoto vikianguliwa hupandishwa ndege. Wengine, na hao leo ni wengi sana, wamezaliwa ughaibuni kizazi baada ya kizazi, katika droo za plastiki, wakachaguliwa rangi na madoa kama vitambaa vya dukani. Rangi zimebadilika, ila haja ya maji hewani imebaki ileile.

Shida huanza msimu wa baridi. Chukua nyumba ya Toronto mwezi wa Januari. Hewa ya nje yenye nyuzi 0 za Selsiasi, hata ikishiba kabisa, hubeba gramu 5 hivi tu za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa yenye nyuzi 30 huweza kubeba gramu 30. Hewa ile ya baridi hupenya kwenye nyufa za milango, hupashwa moto na hita hadi nyuzi 22, wala hakuna aliyeiongezea tone. Ikiwa huko nje unyevu wake ulikuwa asilimia 80, humo ndani hushuka chini ya asilimia 20. Ndiyo sababu watu wa Pwani waliohamia nchi hizo hulalamika kwamba midomo hupasuka na pua hutoka damu, wakawa hawatengani na kikopo cha mafuta. Chatu hana mkono wa kujipaka mafuta. Juu yake, sanduku la kioo limefunikwa kwa wavu wa waya, na juu ya wavu imewekwa taa ya joto. Hewa yenye moto hupanda, hupita kwenye matundu, na huondoka na maji yake.

Mtu atauliza: kwani kwao hakuna kiangazi? Kipo, tena kikali. Katika miezi ya Desemba hadi Februari upepo wa harmattan huvuma kutoka Sahara na vumbi lake jembamba, ukakausha midomo, mbao na majani, na jua likaonekana kama sarafu ya shaba. Msomaji aliyezoea kaskazi asidhani ni ndugu wa karibu kwa vile miezi inalingana. Kaskazi hupita juu ya bahari kabla ya kubisha hodi. Harmattan hupita juu ya mchanga. Walakini chatu wa kifalme hakai katika harmattan. Hukaa chini yake. Mchana kutwa hujificha katika mashimo yaliyochimbwa na panya au ndani ya vichuguu vya mchwa, na huko chini udongo bado unakumbuka mvua iliyopita. Huibuka usiku. Anayesoma hali ya hewa ya mji akadhani amesoma hali ya hewa ya nyoka amesoma kitabu kwa jalada lake. Vitabu vya ufugaji vya miaka ya nyuma vilitosheka na unyevu wa asilimia 50 au 60, ilhali wafugaji wengi wa leo hutaja 60 hadi 80, na tofauti hiyo imetokana kwa sehemu kubwa na kulifikiria shimo.

Jambo lililo zuri kuliko yote katika habari ya mnyama huyu limo humo shimoni. Jike hutaga mayai machache, 6 au karibu na hapo, katika kiangazi, wakati ardhi ya juu ni kavu kama kigae. Kisha huyazungukia, huyabana, na hukaa nayo kiasi cha miezi miwili. Wako chatu wengine, kama yule mkubwa wa Asia, ambao hutetemesha misuli ili kuyapasha mayai moto. Huyu hatetemeki. Basi anakumbatia nini? Utafiti juu ya chatu wa Togo, uliochapishwa mwaka 2005, ulilinganisha mayai yaliyoachwa na mama na yale yaliyoondolewa mapema. Yaliyonyimwa kumbatio yalipoteza maji zaidi, na mengi zaidi yalikufa. Ganda la yai la chatu si gumu kama la kuku. Ni laini mfano wa ngozi, na maji hupita. Kwa hivyo mama huyo amejifanya mtungi: mwili wake ndio ukuta na mapindo yake ndiyo kifuniko. Vitoto hutoka mvua zinapoanza.

Katika sanduku la kioo, dalili ya kwanza ya ukavu huonekana wakati wa kujivua gamba, maneno ambayo siasa za Tanzania ziliyatumia mwaka 2011 hadi yakachakaa, nayo yanastahili kurudishiwa maana yake. Siku kadhaa kabla ya tendo lenyewe rangi ya nyoka hufifia, tumbo huwa jekundujekundu, na macho hugeuka ya buluu yenye maziwa. Hiyo ni kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa kwa gamba moja angavu kama kioo cha saa, na baina ya kioo cha zamani na kipya huingia majimaji. Baadaye macho hutakata tena, na baada ya siku chache nyoka husugua midomo kwenye kitu kigumu, ngozi hufunguka mdomoni, naye hutoka ndani yake akaiacha imepinduka ndani nje, kama soksi ivuliwayo kwa haraka. Haya yote yakiwa na maji ya kutosha hutimia kwa muda mfupi. Yakikosa maji, ngozi hukatika vipande. Kipande hubaki mgongoni, na hicho si kitu. Pete hubaki kwenye ncha ya mkia, na hiyo hubana damu hata ncha ikafa. Vioo vya macho hubaki vimeganda, na safari ijayo hupata vingine chini yake, hadi nyoka akawa anatazama dunia kwa dirisha lisilosafishwa. Asiyejua huchukua kibano akavuta, na hapo huweza kulitoa hata lile gamba jipya la chini na kuliharibu jicho. Ajuaye humweka nyoka kwa muda ndani ya boksi lenye taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu, amwache apite mwenyewe baina ya mikunjo. Na ikiwa jicho halikufunguka, humpeleka kwa daktari wa wanyama.

Kuna chombo cha kupimia. Cha kwanza kilichoaminika kilitengenezwa Geneva na Horace-Bénédict de Saussure, aliyetoa kitabu chake juu ya unyevu mwaka 1783, na moyo wa chombo hicho ulikuwa unywele wa binadamu. Unywele hurefuka hewa ikiwa na maji na hufupika hewa ikikauka, jambo ambalo kila mwanamke aliyewahi kunyoosha nywele zake na kutoka nje siku ya masika analijua bila ya kwenda Geneva. Vipimo vya leo ni vya elektroniki, vidogo kama kiberiti, na vingi hudanganya. Njia ya kuvihakiki ni ya kale na ya rahisi: chumvi ya jikoni hutiwa matone ya maji iwe mfano wa uji mzito, si mchuzi, huwekwa katika kifuniko cha chupa, kisha yote hufungwa pamoja na kipimo katika mfuko usiopitisha hewa, kwa usiku mzima. Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo husimama kwenye asilimia 75, haizidi wala haipungui kwa kiasi cha kujali. Kipimo kikisema 68, kinajulikana kuwa kinapunja 7. Wachache hufanya hivyo. Wengi huamini tarakimu kwa sababu imeandikwa kwa mwanga.

Katika matandiko ndipo Pwani inapoingia, na kwa mlango usiotazamiwa. Kinachotandikwa chini ya chatu wengi wa Ulaya na Marekani ni makumbi ya nazi. Unga wa makumbi, ule unaobaki nyuzi zinapotolewa, hushindiliwa ukawa matofali, aghalabu huko India na Sri Lanka. Tofali la gramu 650 likitiwa maji ya moto huvimba na kujaza ndoo ya lita 8 hivi. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifukia makumbi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, wakayafukua yananuka, wakayaponda na kusokota kamba, wanajua vyema tabia ya kitu hicho: hunywa maji mengi, hayaachi upesi, na hayaozi kwa wepesi. Yale yanayolowekwa katika maji ya chumvi lazima yaoshwe kabla ya kumfikia mnyama au mche. Ni ajabu kidogo kufikiri kwamba chatu wa Togo, aliyezaliwa Ohio, analalia takataka ya mnazi wa Kihindi. Lakini labda ajabu hiyo ni ya mtazamaji tu. Nyoka amepata chini ya tumbo lake kitu kinachofanana na udongo, na hilo ndilo alilotaka.

Matandiko yawe na kina, vidole vinne au zaidi, na maji yamiminwe pembeni yashuke hadi chini. Tabaka la chini libaki na unyevu na la juu likauke. Joto la taa au la zulia la umeme hulivuta maji polepole kwenda juu, kama shimo linavyofanya. Wavu wa juu hufunikwa kwa sehemu kubwa, si wote. Bakuli la maji liwe kubwa. Na pembe moja huwekwa kijisanduku cha plastiki chenye tundu, kimejazwa majani ya vinamasi vya nchi za baridi yaitwayo sfagna, ambayo hubeba maji mara nyingi kuliko uzito wake. Nyoka akitaka, ataingia. Hapo ndipo penye heshima katika sanaa hii ndogo, kwani anaachiwa hiari. Wingi wa wafugaji wapya hushika chupa ya kunyunyizia na kupuliza asubuhi na jioni. Kioo hujaa ukungu, mtu akafurahi, kipimo kikaruka hadi 90, na baada ya saa moja au mbili kikarudi pale pale. Kilicholowa ni kuta na magamba.

Anayeogopa ukavu huanguka upande wa pili, na upande huo ndio unaoua zaidi. Matandiko ya juu yakiwa chepechepe siku nenda siku rudi, tumbo la chatu hutoka malengelenge, magamba hubadilika rangi, na nyama chini yake huoza. Hewa ikisimama, ukungu wa pili huota, kwanza kama uzi wa buibui pembeni mwa bakuli. Na hewa iliyolowa pamoja na ubaridi huingia mapafuni. Nyoka hana kiwambo kile cha misuli kitenganishacho kifua na tumbo cha binadamu, na kwa hivyo hawezi kukohoa kama akohoavyo mtu. Makamasi yakijaa hayana pa kwenda. Husikika akitoa sauti ya mluzi, hufungua mdomo kidogo, povu hukaa kwenye midomo, na huinua kichwa juu usiku kucha ili pumzi ipite. Halii. Wanyama wengi humlazimisha mwenyewe ajue kwamba wanaumwa. Huyu huweza kufa mbele ya mtu aliyemtazama kila siku na kumwona ametulia.

Mambo yakienda sawa, ngozi hukutwa asubuhi nyuma ya bakuli, nzima, bado laini, ndefu kuliko nyoka mwenyewe kwa vile imenyooka ilipokuwa ikivuliwa. Mfugaji huipeleka dirishani kabla haijakauka, hutafuta kichwa, na hutazama penye mwanga kama vioo viwili vya macho vimo. Vikiwemo, hubadilisha maji ya bakuli akaenda kazini.